Miaka Mitatu na Duka la Michezo ya Mezani Sinza

Kila usiku kabla ya kufunga nahesabu kete. Bao moja lina kete 64, na mimi nina mabao manne ya kuchezea, kwa hiyo lazima zitimie 256. Nikitoka hapo ni dhumna, vipande 28. Keram: tisa nyeupe, tisa nyeusi na moja nyekundu. Sataranji, 32. Karata, 52, nazo nazihesabu baada ya kufuta mikono kwa kitambaa kikavu, maana kwa joto na unyevu wa Dar karata hunatana kama chapati za jana. Shughuli hii hunichukua karibu dakika 40. Wakati huo jirani yangu muuza vocha na vipodozi ameshafunga, yuko ndani ya daladala anaelekea kwake.

Hakuna aliyeniambia habari hii nilipokuwa natafuta fremu. Muuza friji akipata friji yenye mkwaruzo hupunguza bei, mambo yakaendelea. Boksi la mchezo likipungukiwa na kipande kimoja, limekufa lote. Mwaka wa kwanza nilipoteza maboksi sita kwa njia hiyo, na sidhani hata moja liliibwa. Vipande viliondoka na mifuko ya suruali, vingine vilifagiliwa asubuhi, kimoja nilikikuta chini ya kikombe cha kahawa miezi miwili baadaye.

Duka liko Sinza, hatua chache kutoka barabara ya Shekilango, na nililifungua Juni 2022. Nauza michezo ya mezani na vifaa vya hobi, na watu hukaa wakacheza. Wameniuliza wengi namna ya kufungua la kwao, wa Dodoma, wa Arusha, hata wa Mbagala, na kila mara nimewajibu vipande vipande huku namhudumia mteja. Leo nimekaa nikaandika.

Nimezaliwa Magomeni. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mwembe, na chini yake kijiwe cha bao. Baba alikuwa pale kila siku baada ya sala ya alasiri. Kazi yangu ilikuwa kupeleka kahawa na kashata, niweke, niondoke. Mtoto wa kike hakai kijiweni. Lakini sinia linaweza kusubiriwa, na mimi nilijua kulisubiri. Nilisimama nyuma ya bega la Baba nikatazama mikono. Alipogundua kwamba nafuata mchezo hakunifukuza. Usiku alinichimbia mashimo kwenye mchanga wa uani, safu nne za mashimo manane manane, tukacheza kwa taa ya chemli. Alinifundisha jinsi ya kuanza: kete sita kwenye nyumba, yaani shimo lako kuu, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, 22 mkononi. Unanamua, unaingiza moja moja, mpaka mkono uishe. Baada ya hapo ndipo mnaingia kwenye mtaji, na hapo unacheza na kile tu kilichobaki ubaoni. Alirudia mara nyingi kwamba mchezaji aliyeliwa nyumba yake mapema, wakati wa kunamua, akifika kwenye mtaji anabaki kuhangaika na kete mbili tatu za pembeni.

Maneno hayo niliyakumbuka vizuri Oktoba 2022, nikiwa dukani nimebakiwa na shilingi 180,000 kwenye simu.

Mtaji wangu ulitoka kwenye mchezo, ule mchezo wetu wa akina mama, upatu. Kwa miaka saba nilikuwa karani wa duka la steshenari Kariakoo, na tulikuwa wanawake 12 tunachanga laki moja kila mwezi. Zamu yangu ikifika sikununua kochi wala kitenge, niliweka. Niliacha kazi nikiwa na milioni 9 na laki nne. Nilipomwambia shangazi kwamba nafungua duka la michezo, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, usikubali kushika pesa za watu, utagombana nao." Alidhani naenda kuwa kijumbe wa upatu. Ilinichukua soda nzima kumweleza kwamba nazungumzia bao, karata na dhumna, na nilipomaliza uso wake ulikuwa na wasiwasi zaidi kuliko mwanzo. Akauliza kwa sauti ya chini: "Kamari?"

Swali hilo ndilo limenichosha kuliko umeme, kodi na mvua. Nitalirudia.

Kwanza fremu. Masaki nilitajiwa kodi kwa dola nikashukuru nikarudi. Kariakoo niliipenda kwa sababu naijua kama kiganja changu, lakini fremu niliyoitaka mpangaji aliyekuwemo alidai kilemba ndipo atoke, na hicho kilemba peke yake kingemeza nusu ya akiba yangu kabla sijalipa kodi hata ya siku moja. Sinza niliipata kwa 350,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali. Hiyo ni milioni 2 na laki nne na nusu. Ilikuwa bei ya haki. Iko karibu na vyuo, vijana wanapita mpaka usiku, na mbele pana baraza pana lenye kivuli. Baraza hilo sikulipa uzito wakati ule. Leo mtu akiniuliza sifa ya kwanza ya fremu ya biashara hii, namwambia atazame baraza kabla ya kuingia ndani.

Nilipokosea ni hapa. Badala ya kununua meza na viti, niliagiza maboksi. Nilikuwa nimeona kwenye mtandao maduka ya Ulaya, kuta zimejaa michezo mpaka dari, nikaona duka bila ukuta wa namna ile si duka. Milioni 4 zikaenda huko. Meza zilikuwa mbili.

Hesabu ya kuagiza ni hii, na ningependa kila anayewaza biashara hii aipige kabla ya kuota. Kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki bidhaa iliyokamilika kama hizi hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Juu ya thamani na ushuru huo huwekwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kitu kilichofika bandarini kwa shilingi 100,000, usafiri ukiwa ndani yake, kinakuwa 125,000, kisha 147,500. Bado hujamlipa wakala wa forodha, bado hujalipa gari la kukitoa bandarini mpaka Sinza, na bado hujaweka faida. Boksi moja la Catan, mchezo wa mezani wa Kijerumani, niliishia kuuza 210,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kodi ya fremu yangu kwa mwezi, kwa boksi la karatasi ambalo mteja hajawahi kuona mtu yeyote akilicheza.

Ndani ya miezi minne niliuza mawili, yote kwa watu waliokuwa wameshaujua mchezo huo nje ya nchi. Katika miezi hiyo hiyo mbao za drafti za 12,000, ambazo nusura nisiziweke kwa kuona kwamba kila kijiwe kina yake na vizibo vya soda, zilikwisha mara tatu. Mtu hanunui mchezo asioujua. Nimelijua hilo kwa gharama, na sasa kila boksi jipya nalifungua mwenyewe, linachezwa dukani wiki nzima, na nakala ya kuuza haiingii mpaka nione watu wanarudi kuuliza.

Kulikuwa pia na shelfu ya hobi: ndege na magari ya plastiki ya kuunganisha na kupaka rangi, vichupa vya rangi, brashi za nywele tatu, visu vya kukatia, gundi. Wapenzi wa ndege hawakuja. Rangi nyingine zilikauka ndani ya vichupa. Nilikaribia kuivunja shelfu ile, mpaka msichana mmoja anayesoma usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi alipoingia kutafuta pa kukwepa mvua, akaona visu na gundi, akapiga simu palepale. Wanatengeneza vijumba vya mfano kwa ajili ya masomo yao, na walikuwa wanazunguka mji mzima kutafuta kisu kinachokata kadibodi bila kuichana. Walikuja saba kesho yake. Niliondoa ndege, nikaongeza kadibodi na vijiti vyembamba vya mbao, na mpaka leo shelfu hiyo inanilipia kodi mihula ya chuo ikipamba moto.

Masika nayo yana somo lake. Machi 2023 maji yaliingia usiku, si mengi, yalifika kwenye kifundo cha mguu, lakini maboksi ya chini yote yalinywa maji. Hata yale ya juu yasiyoguswa na maji yalivimba kwa unyevu. Karata zikajikunja kama majani makavu. Keram niliyotengenezewa na fundi kwa plaiwudi nyepesi ilipinda katikati, kete zote zikawa zinatiririka kwenda kona moja. Poda haikusaidia. Nilijifunza kuuliza mbao imekauka kiasi gani kabla ya kuuliza bei, na hakuna tena boksi lililo chini ya goti langu.

Sasa kamari.

Nilipokwenda kuomba leseni, baada ya kusajili jina la biashara na kuwa na namba ya mlipakodi, niliulizwa dirishani: "Michezo gani?" Swali ni la haki. Michezo kama mpira na vifaa vyake ni jambo moja. Michezo ya kubahatisha, kasino na kubeti, ina sheria yake na bodi yake. Karata na dado zikiwa kwenye orodha ya bidhaa zako, lazima mtu ashtuke. Nilirudi nyumbani nikaandika orodha upya, kila mchezo na maelezo ya mstari mmoja jinsi unavyochezwa, nikasema wazi kwamba hakuna fedha inayowekwa mezani. Nilipewa leseni ya kuuza vifaa vya michezo na steshenari. Namshauri kila mtu aende na maelezo hayo siku ya kwanza.

Karatasi inamaliza maneno ya ofisini, haimalizi ya mtaani. Mwenye nyumba alikuja wiki ya pili, akasimama mlangoni bila kuingia, akatazama vijana wanne na karata. Mjumbe naye alikuja. Kina mama wa mtaa wa nyuma waliwakataza watoto wao kupita mbele ya duka. Iliniuma, kwa sababu mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo kamari haikutajwa hata kwa utani, na nilikuwa naona watu wananitazama kama mtu anayefundisha watoto wizi.

Nikaweka sheria, nikaiandika kwa rangi nyekundu ukutani: hapa hakuna pesa mezani, hata soda. Aliyefungwa hamnunulii aliyeshinda chochote. Kulikuwa na kundi la wanaume watano, wateja wazuri, wananunua chai mara mbili kwa jioni. Niligundua kwamba wanaandikishana pembeni na kulipana wakifika stendi. Nilizungumza nao kwa heshima, nikawaambia sitaweza. Waliondoka wote. Mwezi ule mauzo ya chai yalishuka karibu nusu, na sijawahi kujuta.

Kisha nilijifunga mtandio nikaenda barazani kwa mzee mmoja wa msikiti wa jirani, nikampa shikamoo, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema bao hana neno nalo, amelicheza tangu ujana wake Rufiji. Lakini akaniuliza kuhusu dado. Akanieleza kwamba wako wanazuoni wanaokataza mchezo wa dado hata kama hakuna senti iliyowekwa, na kwamba mzazi anayefuata kauli hiyo ana haki ya kujua mwanawe anacheza nini. Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Nilirudi nikahamisha michezo yote ya dado kwenye shelfu moja, pamoja na Ludo, nikaweka alama. Mtoto anayekuja peke yake namuuliza, "Nyumbani wanakuruhusu dado?" Asiyeruhusiwa ana bao, drafti, keram, dhumna na sataranji, haoni pengo. Tangu hapo kina mama walianza kuleta watoto wenyewe, na mjumbe sasa huja kucheza drafti.

Niseme jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolieleza kwa wanaoona michezo hii ni mambo ya kigeni yaliyokuja juzi. Dado ni neno la Kireno. Kopa, uru, pao na shupaza, majina yetu ya karata, ni ya Kireno vilevile, na turufu pia. Watu wa pwani hii walikaa na kigeni wakakipa mahali chao muda mrefu kabla yangu. Ndiyo maana sikuona aibu kuchukua mchezo wa Mjerumani na kuutafutia Kiswahili.

Na Kiswahili ndicho kilichofungua maboksi. Maelezo ndani ya boksi ni ya Kiingereza, mengine Kijerumani, kurasa 12 au 16. Mtu amefanya kazi kutwa nzima, hatakuja kusoma kurasa 16. Nilianza na Catan, mchezo ambao Klaus Teuber, fundi wa meno wa Ujerumani, aliutoa mwaka 1995. Niliandika sheria zake ukurasa mmoja, mbele na nyuma: mbao, matofali, kondoo, ngano na mawe ya madini. Unajenga njia na vijiji, unabadilishana mali na mwenzako. Dado mbili zikitoa saba, kipande kiitwacho mwizi kinahamishwa. Kilichonishangaza ni kwamba sehemu ya kubadilishana mali sikuhitaji kuifundisha. Watu waliokulia Kariakoo hawafundishwi kupatana bei. Mchezo ambao kwenye maelezo unachukua saa moja na nusu, kwangu unachukua saa mbili na zaidi, kwa sababu kondoo mmoja anaweza kujadiliwa robo saa.

Kijana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kwa nini mwizi anatembea sana. Tukakaa tukaandika njia zote dado mbili zinavyoweza kuangukia: ziko 36, na saba inapatikana kwa sita kati ya hizo, zaidi ya namba nyingine yoyote, mbili na 12 zina njia moja moja. Alitazama karatasi muda mrefu. Kesho yake alikuja na wenzake watatu na mwalimu wao wa hesabu, na mwalimu yule amenunua kwangu dado 40 za darasa.

Scrabble, mchezo wa kupanga maneno kwa vipande vya herufi, ilinipa kazi kubwa zaidi. Seti ya Kiingereza ina vipande 100, viwili vikiwa vitupu. E ziko 12, A ziko 9. Jaribu kuandika Kiswahili kwa A tisa. Meza nzima inagombania A, na mkononi umebaki na Q na X ambazo hazina pa kwenda. Mimi na wanafunzi wawili wa ualimu tulichukua kurasa za gazeti tukahesabu herufi kwa penseli siku mbili. A peke yake ilikuwa karibu moja ya tano ya herufi zote. Tukapanga seti yetu: A nyingi, I na U za kutosha, K na N zisikosekane, Q na X zikatoka, na Ch ikawa kipande kimoja kwa kuwa C haitembei peke yake. Fundi wa Keko akatukatia vipande vya mbao, kijana wa mabango akatupigia herufi. Jina la Scrabble ni mali ya watu, hatukulitumia. Tunauita Mchezo wa Herufi.

Ugomvi ukaja kwenye kamusi. Kamusi inakupa pika. Mchezaji ameweka wamepikiana. Je, lipo? Kwenye kitabu hulikuti, na hakuna Mswahili atakayekataa kwamba lipo. Tulijaribu sheria tatu. Iliyobaki ni hii: neno linakubaliwa kama aliyeliweka anaweza kulitia ndani ya sentensi na mezani hakuna anayeguna. Watu wa Unguja na watu wa bara wakiwa meza moja, hapo ni raha tupu, na mimi nimejifunza maneno mengi kwa kusikiliza ugomvi huo kuliko nilivyojifunza shuleni. Seti hiyo tunaiuza 38,000, na ndiyo bidhaa yangu yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu haipiti bandarini.

Nimechelewa kufika kwenye jambo lililokuwa karibu kuniua. Watu walikuwa wanakaa bure.

Wanafunzi walifika saa tisa alasiri, wanne kwa chupa moja ya maji, wakaondoka saa mbili usiku. Walikuwa watoto wazuri, wanasalimia, wanapanga viti. Kwenye daftari langu kuna siku ya Septemba 2022 niliyoandika: walioingia 31, mauzo 4,500. Duka limejaa, kelele za furaha, wapita njia wanasema dada anafanya biashara, na mimi nimesimama kaunta nawaza umeme wa LUKU. Sikuweza kumwambia mtu atoke. Nimelelewa kwamba aliyeketi kwako ni mgeni, na kijiwe hakina tiketi. Nilidhani anayekaa leo atanunua kesho. Kwa maboksi ya 210,000, kesho hiyo haikuwa inafika.

Oktoba, na ile 180,000 kwenye simu, nilikaa usiku na daftari nikaona ukweli. Maboksi yalikuwa hayatoki. Kilichokuwa kinatoka kila siku, kwa wingi, ni kiti, meza, na mimi mwenyewe nikieleza sheria mpaka sauti inakauka, na hivyo vyote nilikuwa navitoa sadaka. Niliamua kutoza 2,000 kwa mtu kwa jioni nzima, pamoja na kikombe cha kahawa, kashata, na kufundishwa mchezo wowote.

Wiki mbili za kwanza nusu ya watu walipotea. Fundi cherehani mmoja, mzee wa drafti, alinijia akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kijiwe hakilipiwi. Ukilipisha kijiwe, umefukuza wazee." Nililia siku ile, kwa sababu alikuwa anasema kweli, na kodi nayo ilikuwa kweli. Tulipofikia ni pale barazani. Nje, kwenye kivuli, mabao mawili na mbao tatu za drafti ni bure, kwa yeyote, saa zote. Ndani ni kulipia. Mzee alikubali palepale, akahamisha kiti chake mwenyewe. Wale wa nje ndio wanaofanya wapita njia wasimame, na anayesimama hatimaye huchungulia ndani. Mwezi wa tatu tangu nianze kutoza, viti vya ndani vilikuwa vinalipa kodi na umeme. Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulipobana, runinga zikiwa zimezima mtaani, taa zangu mbili za sola zilikusanya watu mpaka nikaazima mikeka kwa jirani.

Jumamosi asubuhi ni ya wanawake na wasichana. Nilipoianza wapo walioniambia napoteza siku bora ya wiki. Nilijua ninachofanya. Ninawajua wanawake wengi wa umri wangu waliosimama nyuma ya bega la mtu na sinia mkononi, wakajua mchezo wote kwa macho bila kugusa kete. Wa kwanza walikuja watano, wawili wakiwa na vitoto mgongoni. Mmoja, muuza samaki wa Mwananyamala, alikaa mbele ya bao akashika kete sita akazitia kwenye nyumba bila kuelekezwa, kisha akajizuia, akanitazama kana kwamba ameshikwa na kitu cha watu. Nikamwambia, "Dada, namua." Alinifunga siku ile ile.

Jumamosi moja ya Februari mwaka jana Baba alikuja. Ana miaka 74, alipanda mwendokasi mpaka Shekilango akatembea. Hakuwa ameniambia. Alikaa nje na wazee kidogo, halafu akaingia ndani katikati ya wanawake, akavuta kiti mbele yangu, akaanza kupanga kete. Maisha yetu yote tulikuwa tumecheza uani tu, usiku. Hakunionea huruma, alinila nyumba kabla sijamaliza kunamua, na mashimo yangu yalikuwa yanatia aibu. Wanawake walikuwa wamesimama wametuzunguka. Alipomaliza alikusanya kete kwenye kiganja, akawaambia bila kunitazama, "Huyu nilimfundisha kwenye mchanga." Akaomba kahawa. Safari hii aliinuka akaifuata mwenyewe.

Duka halijanitajirisha. Analipwa kijana mmoja wa jioni, nalipwa mimi, kodi ya miezi sita inatimia siku chache kabla ya kudaiwa, si mapema zaidi. Mtaani kuna kopi za baadhi ya michezo yangu kwa robo ya bei, na nimeacha kushindana nazo. Anayenunua kopi huja kwangu kufundishwa, na kiti ni kilekile 2,000.

Kinachonisumbua wiki hii ni bao dogo. Wanawake wa Jumamosi wanataka la kukunjwa, linaloingia kwenye mkoba, wacheze sokoni wateja wakipungua. Fundi wangu wa Mwenge amejaribu mawili kwa mninga. La kwanza mashimo yalikuwa madogo, komwe sita, zile mbegu tunazochezea kama kete, hazikai kwenye nyumba bila kumwagika. La pili lilikaa vizuri lakini bawaba inapita katikati ya safu za ndani, na mkono unakwama ukizungusha kete. Yeye anapima kwa gololi kwa sababu ndizo alizonazo. Gololi ni duara, komwe haziko hivyo. Mama anayeniletea komwe kutoka Bagamoyo atafika kesho na kilo mbili, na fundi amesema nimpelekee Jumatano, kubwa na ndogo zikiwa zimechanganywa, achimbe mbele yangu.